Nanasi ya kupika na tangawizi, ya kuweka juu ya uji

Wandugu, wengi wetu tunaenda ku kozi bila kula, si kwa kukosa uji, lakini juu uji peke yake inachokesha. Nanasi moja iliyoiva inatosha kuibadilisha, leo na kesho asubui.

Ikatekate vipande vidogo, toa moyo ule mugumu. Weka mu sufuria na vijiko viwili vya sukari, acha dakika 10 bila moto. Maji usiongeze: sukari inavuta maji ya tunda lenyewe, na ile njo mchuzi wetu. Wenye kumwanga kikombe nzima wanapata supu. Kisha tangawizi ya kutwanga, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili. Tano hapana, utasikia sawa uko kwa daktari wa meno. Moto kidogo ku mbabula, dakika 15 ao 20, mpaka mchuzi ushike ku kijiko. Moto mukali unaunguza sukari mbele vipande vilainike.

Nanasi mbichi inawasha ulimi juu ya bromelaini, kitu kinachovunja protini. Moto inaiharibu, njo maana ya kupikwa haiwashi. Lakini vitamini C nayo inapunguka, basi maracuja mbichi ibakie pembeni.

Kama hauna frigo, ichemshe tena jioni, funika, imalize asubui. Ikitoa povu ao harufu ya pombe, tupa. Na ongeza karanga za kutwanga juu, maana tunda pekee haishikilie mtu mu auditoire mpaka saa sita.