Kulinganisha Kamera za Video za Dijitali kwa Filamu Huru

Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kutengeneza filamu bila ya msaada wa kampuni kubwa alizuiwa kwanza na gharama ya utepe. Utepe wa milimita 35 unaopita katika kamera kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde hutumika kiasi cha mita 27 kwa dakika moja. Kila mita ya utepe huo hununuliwa, husafishwa katika maabara na kuchapwa kabla ya mtu kuweza kuitazama. Mwaka 1995 kamera za kwanza za video za mfumo wa dijitali uitwao DV ziliingia madukani, na kuanzia hapo kizuizi hicho kilianza kuvunjika. Hivi leo mwanafunzi mwenye simu ya mkononi anacho chombo ambacho watengenezaji wa filamu wa zamani wasingeweza hata kukiota.

Hata hivyo, wingi wa kamera umeleta tatizo jipya. Mnunuzi hukutana na matangazo yanayotaja namba moja kubwa, yaani idadi ya pikseli, kana kwamba namba hiyo pekee ndiyo ubora. Akiba iliyokusanywa kwa miaka inaweza kutumika yote kununua kamera yenye pikseli nyingi ambayo haifai kwa kazi iliyokusudiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kamera hulinganishwa vizuri zaidi kwa vipimo vinne, na kwamba vyote vinne vinaeleweka kwa fizikia na hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Jinsi kamera inavyofanya kazi

Lenzi hukusanya mwanga kutoka katika mandhari na kuuangusha juu ya kipande cha silikoni kiitwacho kihisi. Kihisi kimegawanywa katika vyumba vidogo sana, navyo ndivyo pikseli. Fotoni za mwanga zinapoingia katika pikseli hung'oa elektroni. Kadiri mwanga unavyokuwa mwingi ndivyo elektroni zinavyokuwa nyingi. Elektroni hizo hupimwa kama umeme, na kipimo hugeuzwa kuwa tarakimu. Aina ya kwanza ya kihisi iliyoenea, yaani CCD, ilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell nchini Marekani, nao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Kamera nyingi za sasa hutumia aina nyingine, CMOS, ambayo hutumia umeme kidogo na ni rahisi zaidi kutengeneza.

Kipimo cha kwanza: eneo la kihisi

Tufikirie watu wawili wanaokinga mvua, mmoja kwa sinia na mwingine kwa kikombe. Mvua ni ile ile na muda ni ule ule, lakini mwenye sinia hupata maji mengi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa mwanga. Kihisi kilichotumika katika kamera nyingi za DV kilikuwa na upana wa milimita 4.8 na kimo cha milimita 3.6, yaani eneo la milimita za mraba 17.28. Kihisi kamili, chenye ukubwa wa fremu ya kamera ya picha ya milimita 35, kina milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Uwiano wao ni 50 kwa 1.

Hapa mnunuzi ajihadhari na jina. Kihisi hicho kidogo huitwa cha theluthi ya inchi, na theluthi ya inchi ni karibu milimita 8.5. Lakini mwanafunzi akitumia kanuni ya Pythagoras ataona kuwa ulalo wake ni milimita 6 tu. Majina haya yalirithiwa kutoka kwa kamera za zamani za televisheni, ambazo vipimo vyake vilikuwa vya kipenyo cha nje cha mrija wa kioo. Eneo lililopokea picha ndani yake lilikuwa dogo zaidi.

Kwa nini wingi wa fotoni ni muhimu? Fotoni hazifiki kwa utaratibu wa askari wa gwaride. Hufika kwa kubahatisha, kama matone ya mvua juu ya bati. Pikseli inayotarajiwa kupokea fotoni 100 itapata mara 93, mara 108, mara 101. Hesabu ya uwezekano huonyesha kuwa mtawanyiko huo ni takriban kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10, kwa hiyo mtawanyiko ni asilimia 10. Macho yetu huuona kama chenga zinazocheza katika sehemu za giza za picha.

Sasa tulinganishe vifaa viwili. Simu ya iPhone 5s ina pikseli zenye upana wa maikromita 1.5, na kamera ya Sony FX3 ya mwaka 2021 ina pikseli zenye upana wa takriban maikromita 8.4. Uwiano wa maeneo yao ni karibu 31 kwa 1. Pale ambapo pikseli ya simu hupata fotoni 100, ya FX3 hupata 3,100 kwa tundu la lenzi lenye uwiano ule ule na kwa muda ule ule. Kipeuo cha pili cha 3,100 ni karibu 56, na mtawanyiko huwa chini ya asilimia 2. Lakini FX3 ina pikseli milioni 12 tu, ambazo ni chache kuliko zile zinazotangazwa katika simu nyingi za leo. Baadhi ya simu hizo hujumlisha pikseli nne au zaidi ziwe moja ili kupunguza chenga. Njia hiyo husaidia, ila jumla ya mwanga haiwezi kuzidi ule ulioingia katika eneo zima la kihisi.

Kipimo cha pili: upana wa mwanga

Harusi inafanyika saa sita mchana. Bwana harusi amesimama juani akiwa amevaa kanzu nyeupe. Mlango wa nyumba uko wazi nyuma yake, na ndani ameketi mzee aliyevaa koti jeusi. Jua la mchana hutoa mwangaza wa kiasi cha luksi 100,000, na chumbani huenda ziko 400. Kanzu hurudisha sehemu 8 katika 10 za mwanga na koti sehemu 1 katika 10. Basi kanzu inatoa 80,000 na koti 40, uwiano wa 2,000 kwa 1.

Wapiga picha huhesabu uwiano kama huu kwa hatua, na kila hatua ni kuzidisha mwanga mara mbili. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 11 ni 2,048, mandhari hii inahitaji hatua 11. Kamera yenye hatua 8 hubeba uwiano wa 256 kwa 1 tu. Mpiga picha wake atalazimika kuchagua: ama kanzu igeuke kuwa doa jeupe lisilo na mikunjo, ama mzee apotee gizani. Kamera ya Blackmagic Pocket, iliyotangazwa mwaka 2013 kwa bei ya dola 995, ilidaiwa na watengenezaji wake kuwa na hatua 13. Kwa mtu anayefanya kazi katika nchi za jua kali kipimo hiki kina thamani kuliko kuongezewa pikseli.

Kipimo cha tatu: biti na kubanwa kwa tarakimu

Kamera inayoandika kila rangi kwa biti 8 ina ngazi 256 kutoka giza hadi weupe. Biti 10 hutoa ngazi 1,024, na biti 12 hutoa 4,096. Tofauti haionekani sana mpaka mhariri anapotaka kuangaza sehemu yenye giza. Hapo ngazi chache hutanuliwa, na anga la jioni hujaa michirizi mithili ya matuta ya shamba.

Tarakimu zenyewe ni nyingi mno. Fremu moja ya upana wa pikseli 1,920 na kimo cha 1,080 ina pikseli 2,073,600. Kwa biti 24 kila pikseli na fremu 25 kila sekunde tunapata biti zipatazo bilioni 1.24 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja hufikia gigabaiti 560. Kwa sababu hiyo karibu kila kamera hubana tarakimu. Canon EOS 5D Mark II ya mwaka 2008 iliandika kiasi cha megabiti 40 kwa sekunde, yaani gigabaiti 18 kwa saa. Kwa kila sehemu 31 ilibakiza moja.

Kuna njia mbili za kubana. Katika ya kwanza kila fremu hubanwa peke yake, kama ilivyokuwa katika DV. Katika ya pili fremu moja huandikwa kamili, na zinazofuata huandikwa tofauti zao tu. Njia ya pili huokoa nafasi, lakini kompyuta dhaifu huelemewa wakati wa kuhariri, kwa maana ni lazima iikokotoe upya kila fremu kutokana na jirani zake. Mnunuzi asiyeipima kompyuta yake pamoja na kamera hujikuta na picha asizoweza kuzifanyia kazi.

Kipimo cha nne: mwendo

Vihisi vya CCD vya kamera za DV vilipokea picha yote kwa wakati mmoja. Vingi vya CMOS husoma mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Tuseme kihisi kinatumia sekunde 1/50 kusoma mistari yote, na basi linapita kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho basi limesogea sentimita 40, na nguzo zake zilizo wima zitaonekana zimeinama.

Mwendo wa fremu nao una masharti yake. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Fremu 25 kwa sekunde zenye muda wa sekunde 1/50 kila moja hupatana na mpepeso huo. Kamera iliyowekwa katika fremu 30 na muda wa sekunde 1/60 inaweza kuonyesha mistari ya giza ikitambaa ukutani. Canon 5D Mark II ilikuwa na fremu 30 tu hadi programu yake iliporekebishwa mwaka 2010.

Yale yaliyofundishwa na filamu zenyewe

Mwaka 2002 ilitolewa filamu ya Uingereza 28 Days Later, iliyoongozwa na Danny Boyle. Sehemu yake kubwa ilipigwa kwa kamera za Canon XL1 za mfumo wa DV, ambazo picha yake ina pikseli 720 kwa 576. Mitaa ya London ilihitaji kuonekana haina watu, na magari yangeweza kuzuiwa kwa dakika chache tu alfajiri. Kamera kadhaa ndogo na za bei nafuu ziliweza kutegwa kwa pamoja haraka. Hapa wepesi ulishinda ubora wa picha.

Mwaka 2015 filamu ya Marekani Tangerine ya Sean Baker ilionyeshwa katika tamasha la Sundance ikiwa imepigwa kwa simu za iPhone 5s. Simu hiyo ina kihisi kidogo, lakini sehemu kubwa ya kisa hupita katika mitaa ya Los Angeles yenye jua tele, ambako fotoni si haba. Kinyume chake, filamu ya The Creator ya mwaka 2023, ijapokuwa ilikuwa na bajeti kubwa, ilipigwa kwa FX3 iliyouzwa kwa chini ya dola 4,000. Unyetifu wake katika giza uliwawezesha wapiga picha kufanya kazi usiku kwa taa chache.

Majaribio matatu kwa darasa

Mwalimu anaweza kuwaongoza wanafunzi kulinganisha simu au kamera zozote mbili. Kwanza, zipige ukuta mmoja katika chumba chenye giza kiasi, kisha zitazameni chenga kwenye skrini moja. Pili, anikeni nguo nyeupe juani na nyeusi kivulini, na mchunguze kama nyuzi za nguo zote mbili zinaonekana katika fremu moja. Tatu, pigeni nguzo iliyo wima huku mkiigeuza kamera upesi kulia na kushoto, mkapime kwa pembemzingo jinsi nguzo ilivyoinama. Andikeni matokeo katika jedwali kabla ya kutazama bei.

Anayejiandaa kununua aanze kwa kuorodhesha mandhari atakayoyapiga: mchana au usiku, nje au ndani, yenye mwendo au yaliyotulia. Filamu ya wavuvi ufukweni asubuhi yaweza kupigwa kwa simu. Ngoma ya usiku wa manane yahitaji kihisi kikubwa. Fedha zitakazobaki zitumike kwanza kwa kipaza sauti, kwani watazamaji huvumilia chenga katika picha kwa muda mrefu kuliko wanavyovumilia maneno yasiyosikika.