Fahamu: Kidukari anayekausha saiprasi

Vitanda na kabati nyingi zinazoundwa katika soko la Gikomba, Nairobi, hutokana na mbao za saiprasi. Ndiyo maana hata mkaaji wa mitaa ya Umoja au Kayole, asiye na shamba la miti, anapaswa kumjua mdudu huyu.

Adui wetu ni kidukari wa saiprasi, mdogo kuliko punje ya mchele. Alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Kenya 1990. Hukaa kwa makundi kwenye vitawi akinyonya utomvu, na mate yake ni sumu kwa mti. Majani hugeuka kahawia, mara nyingi kuanzia ndani, kana kwamba moto umepita. Mti mzima huweza kufa.

Huwezi kunyunyizia dawa msitu mzima. Kwa hiyo watafiti walimtafuta nyigu mdogo kutoka Ulaya anayetaga yai ndani ya kidukari. Buu likianguliwa humla mwenyeji wake. Malawi ilianza kumwachilia 1994. Hiyo, kwangu, ni sayansi ya kujivunia.

Ukiona ua wako wa saiprasi unakauka, chunguza vitawi kabla ya kulaumu kiangazi, kisha mwite afisa wa misitu.