Kundi Jekundu Halitoshi Kuwa Ushahidi

Mwanafunzi wa sekondari anayetaka kuona jeni iliyoharibika ataiona upesi zaidi kwenye hamira. Kiumbe huyu mdogo ana jeni zipatazo 6,000, ramani kamili ya vinasaba vyake ilikamilika mwaka 1996, na akipata joto la nyuzi 30 seli zake huongezeka maradufu kila saa moja na nusu hivi. Mojawapo ya jeni zake, ADE2, husimamia hatua moja ya kutengeneza adenini. Ikiharibika, kazi hukwama njiani, malighafi hurundikana ndani ya seli na kugeuka nyekundu. Kwenye chakula chenye adenini kidogo, kundi la seli linaloanza jeupe huiva wekundu baada ya siku chache.

Kwa hiyo shule ya Chala, kwenye nyanda za juu za Ufipa, inaweza kuuliza swali zito: je, jua la huko hubadili jeni? Mji wa Sumbawanga, ulio kwenye nyanda hizo hizo, uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Wanafunzi wakianika sahani ya hamira saa sita mchana, kisha wakaona kundi jekundu, watashawishika kusema jua ndilo lililosababisha. Haki hiyo bado hawana. Jeni hubadilika hata gizani, tena bila kuchokozwa. Inahitajika sahani ya pili isiyotoka gizani, na ya tatu iliyowekwa juani chini ya kioo cha dirisha, kwa sababu kioo hupitisha mwanga na joto lakini huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayoharibu vinasaba. Isitoshe, jua huua seli nyingi. Makundi mekundu yapimwe kwa idadi ya yaliyosalimika.

Wapo watakaosema hamira ya dukani inatosha. Haitoshi: seli zake huwa na nakala zaidi ya moja ya kila jeni, na nakala nzima huficha iliyoharibika. Inatakiwa hamira ya maabara yenye nakala moja, na hiyo shule itaiomba chuo kikuu. Je, si gharama? Mrija mmoja wa hamira hiyo ukihamishiwa chakula kipya mara kwa mara hudumu miaka, na chakula chenyewe hutakaswa kwa sufuria ya presha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ADE1 ikiharibika nayo huleta wekundu uleule. Jibu ni kupandisha: kundi jekundu lichanganywe na hamira ya jinsi ya pili ambayo ADE2 yake inajulikana kuwa mbovu. Uzao ukiwa mweupe, kasoro iko kwenye jeni nyingine. Ukiwa mwekundu, ni ADE2. Mwalimu asiipokee ripoti isiyo na hesabu ya sahani ya gizani, hata ikiwa na picha nzuri kiasi gani.