Siti ya pikipiki: nunua sponji kwa mizani, si kwa dole gumba

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa mahindi hanunui gunia kwa kulibonyeza. Huliweka juu ya mizani, akasoma kilo, ndipo akafungua mfuko wa fedha. Lakini mfanyabiashara huyo huyo akienda kwa fundi kubadilishiwa siti ya pikipiki, huchukua kipande cha sponji, akakibonyeza kwa dole gumba, na akiona kinaingia ndani kwa ulaini husema hicho ndicho. Hulipa na kuondoka. Hasara yake huanza kuonekana baada ya saa mbili barabarani.

Mwandishi wa ukurasa huu hasemi hayo kwa kuhadithiwa. Miezi kadhaa iliyopita alipanga kwenda kwa pikipiki kutoka Dar es Salaam hadi soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, safari ya zaidi ya kilomita 300. Siku mbili kabla ya safari alimpa fundi mmoja wa jijini kazi ya kujaza siti upya. Siti ilirudi imevimba vizuri, imevikwa reksini nyeusi inayong'aa, laini kama mto wa kulalia. Hadi Kibaha ilikuwa raha tupu. Kufika Chalinze, sponji ilikuwa imelala na mwandishi alikuwa akikalia plastiki ya chini. Baada ya hapo safari ikawa ya kusimama kila baada ya nusu saa kujinyoosha. Alifika sokoni jioni, wakati wanunuzi wa asubuhi, ambao bei zao ndizo alizozifuata, walikwisha pakia na kuondoka.

Kwa mwandishi hiyo ilikuwa habari iliyompita. Kwa mchuuzi mwenye mtaji mdogo ingekuwa mzigo uliompita.

Kwa nini laini huumiza

Mtu anapoketi, uzito wake mwingi hubebwa na mifupa miwili ya chini ya nyonga, ambayo kwa watu wazima wengi huachana kwa kiasi cha sentimita 10 hadi 15. Kazi ya siti ni kuuchukua uzito huo na kuutawanya kwenye eneo pana la makalio na mapaja. Ikishindwa, nyama iliyo chini ya mifupa hiyo hubanwa, damu hupita kwa shida, ndipo ganzi na maumivu huanza.

Sponji nyepesi huzama mara moja. Mifupa ikigonga plastiki, ulaini wa dakika ya kwanza hauna faida tena. Sponji ngumu kiasi hukataa kidogo mwanzoni, lakini hushika uzito kwa saa nyingi. Ndiyo maana siti nzuri ya safari ndefu mara nyingi humkatisha tamaa mteja anapoikalia dukani. Nchini Marekani, ambako wapo waendeshaji wanaoshindania kumaliza maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24, watengenezaji maarufu wa siti za safari kama Corbin wanajulikana kwa siti ngumu, si laini.

Dole gumba kwa hiyo ni shahidi mbaya, kwa kuwa hupima ngozi ya juu tu. Anayetaka kujaribu kwa mwili na aweke sponji juu ya sakafu ya saruji, apige goti moja juu yake na kuegemeza uzito wake wote. Goti likifika kwenye saruji, sponji hiyo haifai kwa barabara ya Morogoro.

Hesabu ya uzito

Sponji hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo. Zile za magodoro ya bei nafuu huwa katika kilo 16 hadi 25. Zinazofaa kwa viti vya vyombo vya usafiri huwa katika kilo 45 hadi 60. Kadiri uzito unavyokuwa mkubwa, ndivyo kwa kawaida sponji inavyochelewa kuchoka na kulala.

Habari njema ni kwamba mteja hahitaji maabara. Kipande cha siti ya kawaida chenye urefu wa sentimita 65, upana 25 na unene 8 kina ujazo wa mita 0.013. Kikiwa cha sponji ya kilo 50 kitakuwa na uzito wa gramu 650. Kikiwa cha kilo 20 kitakuwa na gramu 260 tu. Tofauti hiyo huonekana hata kwenye mizani ya muuza nyanya. Kipimwe kikiwa kikavu, kabla hakijachongwa wala kuvikwa reksini.

Hata hivyo, mizani ina mipaka yake. Kwanza, uzito hauelezi kila kitu kuhusu ugumu. Sponji mbili za kilo sawa zaweza kutofautiana mkononi. Pili, ipo sponji ya mabaki, iliyogandishwa kwa vipande vya rangi mbalimbali, ambayo ni nzito na ngumu sana. Hiyo si mbaya ikiwekwa chini kama msingi, lakini ikiwa peke yake itamuumiza mpandaji. Mpangilio unaofaa ni tabaka la chini gumu na zito, na juu yake tabaka jembamba la kama sentimita 2 lililo laini zaidi.

Bidhaa iliyofichwa

Tatizo la soko hili ni kwamba mali yenyewe haionekani. Mteja huona reksini, mshono na nembo iliyobandikwa nyuma. Sponji iko ndani, na pini zikishapigwa hakuna anayeifungua.

Mchumi wa Marekani, George Akerlof, alilieleza tatizo la namna hii mwaka 1970 kwa kutumia mfano wa magari yaliyotumika: muuzaji akijua ubora na mnunuzi asijue, mnunuzi hukataa kulipa bei ya bidhaa nzuri kwa kuogopa kupunjwa. Mwenye bidhaa nzuri huona hailipi, hujitoa, na soko hubaki na mbovu. Kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001.

Fundi makochi mwaminifu wa Keko au wa mji wowote wa mkoani yumo katika mtego huo huo. Akiweka sponji nzito na kutaja bei yake halali, mteja humwona mlanguzi, huvuka barabara kwenda kwa jirani. Kwa macho siti mbili hizo zinafanana kama pacha.

Mfano wa karakana

Tuangalie hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za mji wake. Tuchukulie shiti ya sponji ya mita 2 kwa 1, unene sentimita 8. Hutoa vipande 12 vya siti. Nzito inauzwa Sh. 144,000, yaani Sh. 12,000 kwa kipande. Nyepesi ni Sh. 60,000, yaani Sh. 5,000 kwa kipande. Reksini Sh. 6,000, gundi na pini Sh. 2,000, kibarua Sh. 8,000, hivyo ni sawa kwa zote mbili.

Siti nzito itamgharimu fundi Sh. 28,000, akiiuza Sh. 40,000 anabaki na Sh. 12,000. Nyepesi itamgharimu Sh. 21,000, akiiuza Sh. 30,000 anabaki na Sh. 9,000. Sasa tuchukulie nyepesi inalala baada ya miezi minne na nzito baada ya miezi kumi na sita. Katika muda huo mteja wa siti rahisi atakuwa amelipa mara nne, jumla Sh. 120,000. Mwenziwe amelipa Sh. 40,000.

Fundi asiyewaza mbali ataona afadhali kuuza mbovu mara nne na kuvuna Sh. 36,000. Lakini hesabu hiyo inasimama tu endapo mteja atarudi kwake. Mteja aliyeumia mgongo harudi. Huenda kwingine, tena huwaambia wenzake wote kijiweni. Fundi wa siti nzito hupata Sh. 12,000 kwa mteja mmoja, kisha huletewa kijiwe kizima.

Silaha yake ni mbili. Ya kwanza ni kuweka mizani mezani na kupima kipande mbele ya mteja. Ya pili ni dhamana ya maandishi: ikilala kabla ya miezi sita, inajazwa upya bure. Mwenye sponji nyepesi hawezi kuiga dhamana hiyo bila kufilisika. Hapo ndipo mteja anapoweza kuwatofautisha pacha wawili.

Mbali na sponji

Umbo nalo lina thamani yake. Sehemu ya kukalia iwe pana ya kutosha kubeba mifupa yote miwili, na mbele iwe nyembamba ili mapaja yasichunike. Isiteremke kuelekea tangi, maana mpandaji atakuwa akijisukuma nyuma njia nzima. Mshono usipite chini ya mifupa. Reksini isivutwe hadi ikaza kama ngoma, kwani hata sponji nzuri haitafanya kazi chini yake. Karatasi ya nailoni kati ya sponji na reksini huzuia maji ya mvua yanayopenya kwenye mshono.

Wenye uwezo hununua mto wa hewa wa kuweka juu ya siti. Mto wa AirHawk ulitokana na kampuni ya ROHO ya Marekani, iliyojijengea jina kwa mito ya viti vya magurudumu inayozuia vidonda kwa watu wanaoketi mchana kutwa. Kwa mfuko mdogo, kipande cha ngozi ya kondoo chenye manyoya husaidia kupitisha hewa na kupunguza jasho.

Aidha, magunia yafungwe kwenye keria. Gunia likilazwa juu ya siti kila siku, huiua sponji upesi kuliko abiria. Nayo 'mishikaki', mbali ya kuvunja sheria na kuhatarisha maisha, hukandamiza siti kupita kiasi ilichotengenezewa. Na hakuna siti inayofuta haja ya kushuka na kunyoosha miguu kila baada ya saa moja au mbili.

Kwa mwenye mtaji mdogo

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawaendeshi pikipiki ila wanazimiliki, wakisubiri hesabu ya kila siku au malipo ya mkataba. Kwao siti huonekana ni shida ya dereva. Sivyo. Dereva mwenye ganzi hufunga kazi mapema, hukataa safari za mbali zenye nauli nzuri, na akichoka huwa hatari kwa abiria na kwa chombo. Mmiliki anayebadilisha oili kwa tarehe na aitazame siti kwa tarehe pia.

Mwandishi alirudi kutoka Kibaigwa kwa basi, pikipiki ikafuata juu ya lori la mahindi. Siti yake sasa ina kipande cha gramu 640, kilichopimwa mbele yake. Siku ya kwanza ilimkera kwa ugumu. Safari iliyofuata alifika Chalinze na hakusimama hadi Morogoro.