Ulichokiokota kandokando ya reli ya zamani

Wengi wanaopita na mashine ya kutambua metali kwenye njia za reli za kale hukutana na kisahani cha risasi, kipana kama kifungo cha koti, chenye matundu mawili na herufi zilizofifia. Hukidhania sarafu, kumbe ni lakiri ya behewa. Waya ulipitishwa kwenye komeo la mlango, ncha zake zikaingizwa matunduni, kisha karani akaibana risasi kwa koleo lenye chapa. Mlango haukufunguka bila lakiri kukatwa. Ndiyo maana huonekana zaidi palipopakuliwa mizigo, na ni nadra kuikuta porini katikati ya stesheni mbili. Basi kabla hujainua chochote, andika kilipolala na umbali wake kutoka kwenye tuta la reli. Hapo una nusu ya jibu.

Nusu nyingine mara nyingi ni chapa. Kwenye reli iliyotoka Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901, UR ni Uganda Railway. KUR (Kenya and Uganda Railway) ilikuja 1926 jina lilipobadilishwa, na EAR&H (East African Railways and Harbours) mwaka 1948. Lakini chuma cha reli hakistaafu mapema: mataruma yaliyong'olewa njia kuu yaliweza kutandikwa tena kwenye tawi dogo. Chapa hukuambia kitu kilitengenezwa lini. Kilianguka lini ni suala jingine. Usikisugue kwa msasa, maana utaifuta chapa.

Kati ya Voi na Taveta reli ilijengwa kwa ajili ya vita, mwaka 1915 na 1916, na huko maganda ya risasi hayashangazi. Lenye ukingo uliotokeza kitakoni huenda ni la .303 ya Waingereza; la Mauser ya Wajerumani ya milimita 7.92 lina mfereji mahali pa ukingo huo.

Kimoja nakuomba usikiguse kabisa: kikopo bapa cha bati chenye vikanda laini vya madini ya risasi ubavuni. Ni fataki ya reli. Ilifungwa juu ya chuma cha reli, gurudumu likaikanyaga, na mlipuko ukamwonya dereva kwamba mbele kuna hatari. Baruti yake inaweza kulipuka hata baada ya miaka mingi ardhini. Ukiiona, au ukiona risasi ambayo haijafyatuliwa, weka alama mbali kidogo, waondoe watoto, uwaite polisi.