Mgeni wa Masika

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni mkekani, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wamepumzika. Nina mgeni aliyeingia uani bila kupiga hodi.

Nyinyi watoto wa Mtopanga mnamjua. Masika imekolea, mwezi wa Mei, mvua inashinda na kulala. Jioni mnaacha uwanja mtupu. Kukipambazuka, pale palipokuwa na mnazi uliokatwa, mnakuta uyoga mweupe umechomoza, tena umejipanga duara, kofia zake upana wa sahani. Mmoja wenu anasema, "Tuupike!" Mwingine anasema, "Tuupige teke!" Mimi nasema: inameni kwanza.

Mgeni huyu hakuzaliwa usiku ule. Alikuwa chini ya mchanga tangu kiangazi, mwili wake ni nyuzi nyeupe, nyembamba mno, zinazotambaa ndani ya makumbi yaliyooza na mizizi mikavu. Uyoga si mmea. Hauna rangi ya kijani ya kujipikia chakula kwa jua, ndiyo maana hula vilivyokufa. Mvua ikilowesha nyuzi zile, hutoa kofia, na kofia ina kazi moja: kumwaga spora, vijimbegu vidogo hata jicho halioni kimoja kimoja.

Haya, lala kifudifudi uchungulie chini ya kofia. Unaona vile vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za msahafu? Spora hutoka humo. Basi uyoga husomwa kwa chini. Juu, wengi wanafanana.

Chukueni hawa wawili. Wa kwanza huota kwenye nyasi na viwanja vya nchi za joto duniani kote, na wataalamu humwita Chlorophyllum molybdites. Kofia yake ni nyeupe, ina magamba ya kahawia yaliyosongamana katikati. Shina lina pete, na pete hiyo ukiisukuma kwa kidole hupanda na kushuka. Anapendeza! Lakini akiliwa, baada ya saa 1 hadi 3 tumbo linasokota, mtu anatapika na kuharisha, wakati mwingine damu.

Wa pili ni uyoga wa mchwa, Termitomyces. Huyu watu wengi Afrika humla na kumsifu. Chimba taratibu pembeni ya shina lake, utaona mzizi mrefu unashuka, unashuka, hadi kwenye nyumba ya mchwa. Huko chini mchwa ni wakulima. Huleta vijiti na nyasi walizotafuna, wakavirundika, wakaotesha uyoga juu yake, wakala. Kilimo chao kina umri wa miaka milioni 30 hivi. Sisi binadamu tumelima kwa miaka kama 10,000 tu. Zambia kuna jamaa wa uyoga huo, Termitomyces titanicus, ambaye kofia yake hufika upana wa mita 1. Mtoto mdogo akijificha chini yake, mvua haimpati.

Sasa, utawapambanuaje iwapo hukuchimba? Waulize spora zao. Kata shina, ulaze kofia juu ya karatasi, nusu ya karatasi nyeupe na nusu nyeusi, kurasa zikitazama chini. Funika kwa bakuli ili upepo wa baharini usiharibu kazi, ukalale. Asubuhi inua polepole. Spora zimeanguka kwa mamilioni na kuchora umbo la kofia. Uyoga wa mchwa huacha rangi ya waridi hafifu. Yule wa uwanjani huacha kijani kibichi kilichofifia, rangi ambayo uyoga wachache sana wanayo. Na hapa ndipo penye mtego: akiwa mchanga, kurasa zake ni nyeupe safi. Ukijani huja baadaye. Anayetazama mara moja tu hudanganyika, karatasi haidanganyiki.

Msiogope kumshika. Sumu ya uyoga haipiti kwenye ngozi ya kiganja, hudhuru ikiliwa. Ila mkimaliza naweni mikono kwa sabuni, na hilo bakuli pia lioshwe.

"Nyanya, mbona konokono amemla na hajafa?" Swali zuri. Tumbo la konokono silo tumbo lako. Wapo pia wanaosema eti uchemshe uyoga na kijiko cha fedha au kitunguu saumu, kikigeuka cheusi una sumu, kisipogeuka ni salama. Maneno matupu! Ulaya kuna uyoga uitwao Amanita phalloides, ambao umesafiri na miche ya miti hadi mabara mengine. Kijiko hakigeuki, moto hauondoi sumu yake, na waliopona husema ulikuwa mtamu. Mtu hula, hushinda saa 6 au hata siku nzima bila dalili, kumbe ini linaharibika. Nusu ya kofia moja yatosha kumuua mtu mzima. Spora zake ni nyeupe, kwa hivyo msije mkaniambia, "Nyanya, haikuwa kijani, tukala." Rangi ya spora hukwambia mgeni ni wa ukoo gani. Haikupi ruhusa ya kumweka sufuriani.

Na ikitokea ndugu yako mdogo ametafuna kipande, usinyamaze kwa kuogopa kugombezwa. Mwite mtu mzima papo hapo. Mtoto apelekwe hospitali hata kama anacheka na kurukaruka, na uyoga uliobaki ubebwe ndani ya karatasi, sio mfuko wa plastiki, maana humo huoza upesi na daktari hatatambua kitu.

Waliobaki uwanjani waacheni wamalize makumbi yao. Msimu ujao mtapanda mchicha pale na mtaona ulivyostawi. Nyinyi leteni karatasi, penseli na bakuli. Andikeni tarehe, mahali ulipoota, na rangi mtakayoikuta asubuhi. Chakula cha jioni ni wali na maharagwe.