Ufunguo wa simu yako uko kwa nani?

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, iwapo simu yako uliinunua mkononi mwa mtu, au katika lile duka ambalo muuzaji hufuta kioo kwa pindo la shati lake huku akikuapia kwamba "imetumika kidogo tu", basi nakuomba ufanye jambo moja kabla hujaendelea kusoma makala haya. Izime. Kisha iwashe, nawe uitazame bila kupepesa macho tangu inapoanza kutoa nuru. Je, pametokea maandishi ya onyo, au picha ya kufuli lililo wazi, vikakaa kwa sekunde chache halafu vikatoweka? Kama havikutokea, vema. Endelea kusoma kwa faida ya jirani yako. Kama vimetokea, makala haya yanakuhusu wewe.

Shemeji yangu, ambaye ni mshonaji wa nguo huko Temeke, aliyaona maandishi hayo kwa muda wa miezi miwili kila alipoiwasha simu yake. Yaliandikwa kwa Kiingereza, naye akayahesabu kuwa ni salamu za kampuni. Simu yenyewe ilikuwa Samsung nzuri, haina mkwaruzo, na bei yake ilikuwa ya kumfurahisha mtu yeyote. Yeye ndiye mhazini wa upatu wa kina mama 12, na fedha za wenzake hupita katika simu hiyo kabla ya kufika kwa mwenye zamu. Siku walipokata shauri kufungua akaunti ya benki, programu ya benki ilikataa katakata kufanya kazi. Ilimwambia kuwa simu hiyo si salama, kisha ikajifunga. Akairudisha dukani. Muuzaji akaifomati mbele ya macho yake, akamkabidhi, akasema, "Mama, sasa hii ni mpya kabisa." Jioni ile ile benki ikakataa tena.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni mtoto wa dada yake, kijana wa chuo cha ufundi aliyekuja likizo. Aliizima simu, akaiwasha, akasoma, akacheka kidogo. "Mama mdogo," alisema, "simu hii imerutiwa."

Neno hilo lisikubabaishe, msomaji. Halihusu kuruti wa jeshini, wala ruti ya daladala. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mzizi, na asili yake ni mbali sana na simu. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Marekani, ulianza kutungwa mfumo wa kompyuta ulioitwa Unix. Zama hizo mtambo mmoja ulitumiwa na watu wengi. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake asiyoruhusiwa kuivuka, na juu yao wote alikuwako msimamizi mmoja, namba yake 0, aliyeitwa kwa jina hilo la mzizi. Huyu haulizwi kitu. Akisema soma, linasomwa. Akisema futa, linafutwa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alianza kutunga Linux kwa kufuata nyayo hizo, na juu ya Linux ndipo ulipojengwa mfumo wa Android.

Waliotunga Android walifanya jambo la busara. Kila programu unayoiweka katika simu walipewa namba yake peke yake, mfano wa wapangaji katika nyumba ya vyumba vingi. Programu ya muziki ina chumba chake, ya benki ina chake, na hakuna mwenye ruhusa ya kuingia kwa mwenzake. Ufunguo unaofungua vyumba vyote, ule wa namba 0, mnunuzi wa simu hapewi. Ndiyo kusema kwamba wewe uliyelipa fedha zako taslimu u mpangaji katika nyumba uliyoinunua! Vijana wengi hulalamikia jambo hili, na mimi nakiri kwamba lalamiko lao si la kipuuzi. Kwa nini nishindwe kuondoa programu ambayo sikuiomba, inayokula nafasi katika simu yangu mwenyewe? Kuruti simu ni kuutwaa ufunguo huo.

Kwamba ufunguo huo si wa kuachwa ovyo, Google wenyewe walijifunza mapema. Simu ya kwanza ya Android iliyouzwa madukani ilitoka Oktoba 2008, ikiitwa G1. Mwezi uliofuata ilionekana kuwa kila neno lililopigwa katika vibonye vyake lilikuwa likipokelewa pia, kwa siri, na sehemu ya mfumo yenye mamlaka ya namba 0. Mwenye simu mmoja alikuwa akizungumza na mwenzake kwa ujumbe, akaandika neno la Kiingereza lenye maana ya kuwasha upya. Simu ikatii, ikajizima, ikawaka upya! Kosa hilo lilirekebishwa upesi.

Njia inayopendwa sana na wanaoruti simu ni programu iitwayo Magisk, iliyoanza kutolewa mwaka 2016. Kwanza hufungua kile ambacho mafundi hukiita butiloda, yaani bawabu anayeamka kabla ya wote na kukagua kama mfumo unaotaka kuwaka ni ule uliotiwa muhuri wa kiwanda. Bawabu akishafunguliwa, hupitisha chochote. Ndipo faili la kuwashia simu hubadilishwa ili kila simu inapoamka, ufunguo uamke nao. Yale maandishi ya onyo si salamu za kampuni hata kidogo. Ni bawabu anayekuambia kwamba yeye amekwisha kuondolewa kazini.

HASARA IKO WAPI?

Anayeiruti simu yake mwenyewe kwa maarifa, akajua ni programu ipi ameipa ruhusa na ipi ameinyima, huyo simlaumu. Yuko kama mtu aliyejitengea ufunguo wa nyumba yake. Taabu inamkuta yule asiyejua kuwa ufunguo upo. Novemba 2016 kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo Check Point ilitangaza habari za programu ovu iliyopewa jina la Gooligan. Ilijificha ndani ya programu za kawaida, ikapenya udhaifu wa Android za zamani, ikajitwalia mamlaka ya namba 0 bila mwenye simu kujua. Kisha ikaiba vibali vya kuingilia akaunti za Google, zaidi ya akaunti milioni 1. Tazama vema hapo: haikuiba nywila, iliiba vibali. Mwenye kibali haulizwi nywila.

Jingine ni lile lililoitwa xHelper, lililoanza kuonekana mwaka 2019. Watu walilifuta, likarudi. Wakafomati simu, likarudi. Hapo Aprili 2020 ndipo wataalamu wa Kaspersky walipoeleza siri yake: lilijipatia mamlaka ya namba 0 katika baadhi ya simu zenye Android 6 na 7, likajinakili katika sehemu ya mfumo wenyewe, likajifunga huko lisifutike.

Na hapa ndipo alipodanganyika shemeji yangu, na huenda muuzaji naye hakujua. Kufomati huondoa vitu vya mwenye simu: picha, ujumbe, programu alizoongeza. Ni sawa na kutoa vyombo nje na kufagia vyumba. Sehemu ya mfumo na faili la kuwashia haviguswi. Kwa hiyo simu iliyorutiwa, ukiifomati mara 10, itabaki imerutiwa. Linalouma zaidi ni kwamba kufomati huko kulifuta pia orodha ya programu zilizokuwa zimepewa ruhusa ya kutumia ufunguo. Yule kijana alipofungua Magisk aliikuta orodha tupu. Je, katika ile miezi miwili kuna aliyeingia chumba cha mhazini? Ushahidi ulifagiliwa dukani pamoja na takataka nyingine. Shemeji alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama ni wajibu wake kuwaambia wenzake. Nilimwambia ndiyo, naye akawaambia.

Pengine wewe utasema, "Mimi situmii programu ya benki, natumia menyu ya nyota na reli." Hilo halikuokoi. Namba yako ya siri unaiandika juu ya kioo kile kile, na ujumbe wa muamala unaingia katika simu ile ile. Wala usidhani kwamba kupiga *#06# kutakuonyesha lolote juu ya jambo hili. Namba hiyo tuliizoea wote mwaka 2016, wakati TCRA ilipozizima simu bandia. Inakupa namba ya utambulisho wa simu na basi. Njia nyepesi, mbali na ile ya kuizima na kuiwasha, ni kufungua Play Store, uingie katika mipangilio yake, ushuke mpaka sehemu ya maelezo, usome kama kifaa chako kimeidhinishwa. Kisipokuwa kimeidhinishwa, uliza sababu.

KUFLASHI

Kuutoa ufunguo kuna njia mbili, na ya kwanza ni rahisi. Simu iliyorutiwa kwa Magisk, ukifungua programu hiyo utaikuta sehemu ya kujiondoa kabisa. Hurudisha faili la kuwashia la asili, ikiwa nakala yake ilihifadhiwa, kisha simu hujizima na kuwaka. Zile za zamani zilizorutiwa kwa SuperSU nazo zina sehemu ya namna hiyo katika mipangilio. Kwa mtu aliyeiruti simu yake mwenyewe, njia hiyo yatosha.

Kwa simu ya mtumba haitoshi, kwa maana huijui historia yake. Hapo hapana budi kuflashi, yaani kuuweka upya mfumo wote wa kiwandani kwa kutumia kompyuta. Kwa Samsung mafundi hutumia programu ya Odin. Kwa simu za Pixel Google wenyewe wameweka chombo cha kazi hiyo katika intaneti. Mfumo uwe wa namba ile ile ya simu yako, si wa ndugu yake anayefanana naye, wala usiwe wa zamani kuliko ule uliomo. Chaji iwe ya kutosha, na waya usichezewe. Umeme wa kompyuta ukikatika katikati ya kazi hiyo, simu yaweza kugeuka kipande cha kioo. Kabla ya yote, nakili picha na majina yako mahali pengine, na uhakikishe unakumbuka nywila ya akaunti yako ya Google, kwani tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu nyingi zikifutwa kwa njia zisizo za kawaida humdai mwenye akaunti aliyekuwamo. Kama ni akaunti ya mtu aliyekuuzia, mtafute kwanza.

Mwisho kabisa ndipo bawabu hurudishwa kazini, yaani butiloda hufungwa. Nasisitiza neno mwisho. Ukimfunga ilhali ndani mna kitu kisicho cha kiwanda, atakikataa, na simu haitawaka. Tena kumfunga hufuta vitu vyote vyako, kama ilivyokuwa wakati wa kumfungua. Fundi asiyekueleza hayo mawili mapema, mshukuru, uchukue simu yako uende kwa mwingine.

Yuko na fundi wa aina ya pili, ambaye kwake shemeji alifika kabla ya mpwa wake kuja. Huyu hakutaka kuutoa ufunguo. Alitaka kuuficha ili benki isiuone, na bei yake haikuwa ndogo. Ufundi huo upo kweli. Lakini Google hubadilisha ukaguzi wake kila mara, na wenye kuficha hubadilisha maficho, hata usijue ni asubuhi ipi utanyimwa fedha zako mwenyewe. Na hata ukifaulu, umeidanganya benki tu. Mlango ungali wazi.

Ikiwa umekusudia kubaki na ufunguo, basi usiuache mezani. Fungua orodha ya ruhusa, uondoe kila programu usiyoweza kutaja kwa nini iliruhusiwa. Panga kila ombi jipya lidai alama ya kidole. Fedha za watu wengine ziweke katika simu nyingine. Na simu ambayo kiwanda kimekwisha kuacha kuipelekea marekebisho ya usalama, iwe imerutiwa au haikurutiwa, iachie muziki na tochi.

Simu ya shemeji iliflashiwa siku ya Jumamosi, kazi ya saa moja na nusu, pamoja na kungoja. Baadaye, kwa kutumia simu ya mumewe, aliiondoa akaunti yake ya Google katika vifaa vyote ilivyokuwa imeingia, ndipo akabadilisha nywila na namba zote za siri. Benki ikakubali. Kitu kimoja hakikurudi. Ndani ya simu za Samsung mna kidude kama fyuzi kinachoungua mara moja tu, pale mfumo usio wa kiwanda unapowekwa, na hakuna fundi awezaye kukirudisha. Kwa sababu hiyo ile kabati ya siri ya kuhifadhia nyaraka, pamoja na malipo ya Samsung yenyewe, haitafanya kazi katika simu hiyo maisha yake yote. Shemeji anasema hakuwa akijua kama ina kabati.

Mwezi uliopita alikwenda kumnunulia bintiye simu, naye akanichukua nimsindikize. Muuzaji alieleza juu ya kamera, akaeleza juu ya chaji. Shemeji akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akaomba simu izimwe. Muuzaji akauliza kuna nini. "Izime tu, mwanangu," alimjibu huku akivaa miwani yake, "halafu uiwashe polepole."